Mkate Ndani ya Mfuko: Historia ya Kuwafungia Chakula Wanaolala Nje

 

Wiki hii tunaweka pembeni chanjo na kikohozi. Kuna swali limekuja mara nyingi: "Nesi, kikundi chetu cha kanisani kinataka kufunga chakula tuwapelekee watu wanaolala nje. Tuweke nini kwenye mfuko?"

Swali zuri, na jibu lake liko Sehemu ya 6. Ila kabla hujanunua mkate naomba ujue hili jambo limetoka wapi, maana watu wamelifanya kwa miaka mingi na wameshajifunza mengi ambayo sisi hatuna haja ya kuanza nayo upya. Nimechagua mji mmoja tu, New York, kwa sababu historia yake imeandikwa vizuri na foleni zake bado zipo mpaka leo. Ni ndefu, nawaambia mapema. Mtoto akishalala, kaa mkao wa kula, twende.

SEHEMU YA 1: FOLENI YA MKATE

Mwaka 1876 mhamiaji kutoka Ulaya aitwaye Louis Fleischmann alifungua duka la mikate New York, mtaa wa Broadway, jirani kabisa na kanisa la Grace. Sasa wewe mama unajua harufu ya mkate unaotoka kwenye oveni inavyomfanya mtu mwenye njaa. Watu wasio na kitu wakawa wanasimama pale nje usiku. Fleischmann akaamua mkate uliobaki wapewe bure, bila kuulizwa maswali. Ukisimama kwenye mstari, unapata mkate wako, unaondoka. Foleni ile ikawa maarufu sana, na Wamarekani mpaka leo wanalo neno maalumu la "mstari wa mkate".

Ruka miaka 50 hivi. Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaanguka. Mabenki yakafuata, viwanda vikafunga, na kufikia 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchi nzima hakuwa na kazi. Na kumbuka, sheria ya taifa iliyoleta malipo kwa aliyepoteza kazi ilikuja 1935. Kabla ya hapo ukifukuzwa kazi Ijumaa, Jumatatu ni wewe na Mungu wako. Ukishindwa kodi ya nyumba, unatoka na watoto na godoro.

Wakaenda wapi? Walienda kugonga milango ya makanisa. Karibu na stesheni kubwa ya treni ya Pennsylvania, barabara ya 31 Magharibi, kuna kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Watawa wa pale, na anayekumbukwa zaidi ni Bruda Gabriel Mehler, wakaanza kugawa sandwichi na kahawa asubuhi. Hiyo ilikuwa mwanzoni kabisa mwa ule mdororo wa uchumi. Mdororo uliisha, vita kuu ya pili ikaja ikapita, na foleni ya Mtakatifu Fransisko haikufungwa. Karibu miaka 100 sasa.

Padri Mychal Judge, yule wa kikosi cha zimamoto aliyefariki kwenye shambulio la Septemba 11, 2001, alikuwa akiishi na watawa wa hapo hapo. Alijulikana kwa kutembea na noti za dola moja moja mfukoni za kuwapa waliolala njiani.

Swali la darasani: kwa nini sandwichi, kwa nini si wali na maharage? Fikiria mtu asiye na nyumba. Hana sahani, hana kijiko, hana meza, hana mahali pa kuosha vyombo. Chakula cha kufunga kinaliwa kwa mkono mmoja, kinaingia mfukoni, nusu inabaki kwa mchana. Aliyekibuni alikuwa amemtazama vizuri anayemlisha. Hilo shikeni, tutalirudia.

SEHEMU YA 2: NESI MWANAFUNZI

Nilijua mtaipenda hii, ina mtu wa fani yangu.

Dorothy Day alizaliwa Brooklyn mwaka 1897. Alikuwa mwandishi wa habari, na mwaka 1918 akaingia mafunzo ya uuguzi katika hospitali ya Kings County, hapo hapo Brooklyn. Mwaka 1918, jamani! Ndio mwaka wa ile homa ya mafua iliyoua mamilioni ya watu duniani. Unaanza uuguzi, wodi zimejaa. Hakumaliza, alirudi kwenye uandishi. Lakini mtu aliyewahi kumgeuza mgonjwa kitandani na kumsafisha haangalii tena mwili wa binadamu kama mwanzo.

Mwaka 1926 alijifungua binti, Tamar. Mwaka uliofuata alimbatiza mtoto, na baadaye mwaka huo huo akabatizwa yeye mwenyewe kuwa Mkatoliki. Uamuzi huo ulivunja uhusiano wake na baba wa mtoto. Kwa hiyo huyu ninayewaambia ni mama aliyekuwa analea peke yake, akiandika makala ili mtoto ale.

Mwishoni mwa 1932 akakutana na Mfaransa mmoja mhamiaji, Peter Maurin, mwenye mawazo mengi na mfuko mtupu. Tarehe 1 Mei 1933, siku ya wafanyakazi, wakatoa gazeti lao la The Catholic Worker, nakala 2,500, bei senti 1. Gazeti liliandika kwamba kila jumuiya ya Wakristo iwe na nyumba ya kumpokea mgeni. Sasa ukiandika hivyo, watu watakuja kuuliza: hiyo nyumba iko wapi? Wakaja kweli, na nyumba ikabidi ifunguliwe.

Kuanzia 1936 walikuwa mtaa wa Mott, na asubuhi foleni ya kahawa na mkate ilikuwa na mamia ya watu. Tamar alikulia humo humo. Kila mzazi mwenye mtoto mdogo na moyo wa kusaidia wengine ajue kwamba mtoto naye anatozwa gharama: nyumba haitulii, mama ana watu wengi wa kuwatazama. Dorothy aliandika waziwazi kwamba ilikuwa ngumu. Sisemi hivi kukukatisha tamaa. Nasema pangeni ratiba ya kujitolea ambayo nyumba yako inaihimili. Jumamosi moja kwa mwezi kwa miaka 5 inasaidia kuliko kila siku kwa wiki 3 halafu basi.

Mambo mawili ya Dorothy nataka uyabebe. La kwanza, waliokuja kwake waliitwa wageni, si "kesi" wala "wahitaji". La pili, alipogawa mkate hakunyamaza. Gazeti lake liliuliza kila toleo kwa nini watu wana njaa kwenye nchi yenye chakula, kwa nini mishahara haitoshi, kwa nini kodi za nyumba zinapanda. Wapo waliompenda kwa mkate wakamchukia kwa maswali. Alifariki Novemba 1980, ndani ya nyumba ya wageni wake, miongoni mwa wanawake wasio na makazi. Gazeti bado lipo, na bei ni ile ile, senti 1.

SEHEMU YA 3: KIPENGELE CHA KATIBA

Kuna mtu alikomenti jana: "Kuwapa chakula ni kuwazoesha kukaa mtaani." Tulia, dada, twende taratibu.

Mwaka 1938, wakati ule wa shida bado unaendelea, jimbo la New York liliongeza kipengele kwenye katiba yake kinachosema kwamba kuwatunza wenye shida ni jukumu la umma na serikali lazima ilitimize. Kikakaa kwenye karatasi miaka mingi.

Miaka ya 1970 mambo yakaharibika tena. Vyumba vya bei nafuu vya kupanga kimoja kimoja, vile ambavyo mzee mwenye kipato kidogo angeweza kulala, vilibomolewa au kugeuzwa nyumba za matajiri. Hospitali kubwa za magonjwa ya akili zikawatoa wagonjwa kwa ahadi kwamba watahudumiwa karibu na nyumbani, na huduma hizo nyingi hazikujengwa. Sisi wa afya tunalijua hili. Mgonjwa ukimruhusu atoke bila mpango wa anakwenda wapi, umemhamisha tu kutoka wodini kwenda barabarani.

Wakili mmoja kijana, Robert Hayes, akawa anazungumza na wanaume waliolala nje. Aliwauliza kwa nini hawaendi kwenye malazi ya mji. Wakamwambia hayatoshi, na yaliyopo yanatisha kuliko barabara. Hayes akafungua kitabu cha katiba, akakiona kile kipengele cha 1938. Mwaka 1979 akaenda mahakamani, na jina la kwanza kwenye kesi likawa la mwanaume mmoja asiye na makazi, Robert Callahan.

Agosti 1981 serikali ikatia saini makubaliano: kila mwanaume asiye na makazi anayeomba malazi New York apewe. Kesi zilizofuata zikawaingiza wanawake, kisha familia zenye watoto. Kesi ya familia ilibeba jina la mama, Yvonne McCain. Leo katika malazi ya mji ule familia zenye watoto ndio kundi kubwa kuliko yote. Umeona? Ukisikia "asiye na makazi" picha inayokuja ni mzee mlevi. Mara nyingi ni mama mwenye begi la nepi.

Callahan mwenyewe hakuyaona makubaliano yenye jina lake. Alifariki mtaani kabla hayajatiwa saini.

Kwa hiyo jibu langu kwa dada yetu ni hili. Waliojua tatizo ni malazi, na kwamba uvivu hausiki, ni wale waliosimama karibu na hao watu wakawasikiliza.

SEHEMU YA 4: MAMA WA GRAND CENTRAL

Hii ni fupi na ni nzito.

Stesheni ya treni ya Grand Central miaka ya 1980 ilikuwa chumba cha kulala cha mamia ya watu. Miongoni mwao alikuwepo mwanamke mtu mzima ambaye jina lake halisi halikujulikana. Walimwita Mama. Usiku wa mkesha wa Krismasi 1985 watu walitolewa nje ya stesheni kwenye baridi. Mama alikuwa na nimonia. Siku ya Krismasi alikutwa amefariki kwenye benchi, ndani ya stesheni.

Mmoja wa waliomfahamu alikuwa George McDonald, aliyekuwa akifanya kazi kwenye biashara ya mavazi. Aligawa sandwichi pale Grand Central usiku 700 mfululizo. Usiku mia saba! Na kila siku watu walimwambia jambo moja: asante kwa sandwichi, lakini tunachohitaji ni chumba, na kazi ya kukilipia. Alichowazidi wengi ni kwamba alisikia. Shirika alilolianzisha likaanza kutoa kazi za kulipwa na mahali pa kulala, na likapewa jina la Doe, jina ambalo Wamarekani humpa mtu asiyejulikana. Ni kwa ajili ya yule Mama.

Hapa naongea kama nesi. Nimonia inatibika. Baridi, njaa, kukosa usingizi na kukosa mahali pa kulalia ndivyo vinavyoifanya iue. Sandwichi inatuliza njaa ya saa chache. Haikaushi nguo, haimpi mtu mlango wa kufunga. Ukiwapelekea watu chakula, lazima ulijue hilo kichwani ili usije ukadhani kazi imeisha.

SEHEMU YA 5: KANISA LILILOTOA MABENCHI

Tumalizie historia kwa jambo la kutia moyo.

Mtaa wa Chelsea kuna kanisa la Holy Apostles, la Episkopali, hawa ni ndugu wa Waanglikana wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa kanisa dogo, waumini wachache, pesa hakuna. Oktoba 1982, chini ya paroko Rand Frew, wakaanza kupika chakula cha mchana kwa yeyote aliyekuja. Siku ya kwanza walikuja watu wapatao 35. Miaka ikapita, wakawa zaidi ya 1,000 kwa siku ya kazi.

Aprili 1990 kanisa likaungua, paa likaharibika vibaya. Kesho yake chakula kilitolewa kama kawaida.

Ujenzi ulipoisha mwaka 1994 walifanya uamuzi ambao naupenda sana. Mabenchi ya kanisani hayakurudishwa. Wakaweka meza, na watu wakala ndani ya kanisa lenyewe, chini ya vioo vya rangi, pale pale panaposaliwa Jumapili. Mgeni akaacha kusimama kwenye foleni na mfuko, akakaa.

Halafu Machi 2020 ikaja korona. Kukaa pamoja kukawa hatari, na chakula kikarudi kwenye mifuko, mtu anachukua mlangoni anaondoka. Wanaojitolea wengi ni wastaafu, ndio hao hao korona iliwapenda. Mji mzima umefungwa, wote wameambiwa wakae nyumbani, na wewe huna nyumba ya kukaa. Wakati ule ule mfuko ulikuwa njia salama kuliko zote.

Kwa hiyo mfuko una mahali pake. Watu hawa walijua lini watumie mfuko, lini watumie meza.

SEHEMU YA 6: SASA TUWEKE NINI?

Haya, kalamu na karatasi.

1. Joto. Chakula kilichopikwa kikikaa kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, vijidudu vinazaliana haraka. Kisizidi saa 2 nje, na kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32, saa 1 tu. Dar au Mombasa mwezi wa pili, usifunge mayonezi wala nyama yenye mchuzi uizungushe mjini asubuhi nzima. Mwenye nyumba akiharisha ana choo. Huyu hana.

2. Mikono. Maji yanayotiririka na sabuni kabla ya kuanza. Mwenye kuharisha, kutapika au kidonda cha mkono hafungi chakula, hata kama ndiye mwenyekiti.

3. Meno. Wengi hawana meno mazuri. Mkate laini, ndizi, kiazi kitamu kilichochemshwa. Mahindi ya kuchoma na karanga ngumu hapana. Ndizi ni rafiki yetu, imekuja na kifungashio chake.

4. Maji kuliko soda. Chupa ya maji safi ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote kwenye mfuko. Wapo wenye kisukari, soda na juisi za sukari zinawaumiza.

5. Karanga. Siagi ya karanga inashibisha na haiharibiki upesi, ila uliza kwanza. Wapo wanaodhurika nayo.

6. Mama anayenyonyesha. Mpe mifuko miwili. Anahitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku. Mtoto wa chini ya miezi 6 usimletee maziwa ya kopo kwa huruma, maana maji ya kuyachanganya na chupa ya kuoshea hana. Mlishe mama, mama atamlisha mtoto. Asali usimpe mtoto wa chini ya mwaka 1, na karanga nzima usimpe wa chini ya miaka 5, zinapalia.

7. Picha. Acha simu mfukoni. Mtoto wa mtu amelala barazani, leo unamweka mtandaoni na sandwichi mkononi. Kesho akipata kazi, picha ile ipo.

8. Watoto wako. Waruhusu wafunge nawe. Mfundishe mmoja kuandika, mmoja kuhesabu. Na mfundishe kusalimia: "Shikamoo babu", "Habari ya asubuhi mama". Anayelala nje hajaacha kuwa mkubwa wa mtu.

9. Swali. Ukishampa, uliza jina lake, uliza angehitaji nini zaidi. Kikundi kiwe na namba ya afisa ustawi wa jamii, kijue zahanati iliyo karibu, kijue ni nani anaweza kusaidia mtoto arudi shule. Andikeni mnachoambiwa. Mkisikia jambo moja kutoka kwa watu 10, kama kodi, dawa, au kitambulisho kilichopotea, hilo ndilo la kupeleka kwa mchungaji, kwa diwani, kwa halmashauri.

Na ninyi mlioko Marekani, ulizeni kwanza sheria za mji wenu. Mwaka 2014 huko Fort Lauderdale, Florida, mzee wa miaka 90, Arnold Abbott, pamoja na wachungaji wawili walichukuliwa hatua na polisi kwa sababu ya kulisha watu mahali pa wazi. Ipo miji inayotaka kibali.

Mkianza, anzeni na mifuko 20 na siku moja ambayo hamtaikosa. Watu wanapanga siku yao kwa kukutegemea, usipokuja mtu analala njaa akikusubiri.

Kikundi chenu kama kinafanya hivi, niandikieni hapo chini: mnafunga nini, siku gani, na wageni wenu wamewaambia wanahitaji nini. Nitayakusanya tuyasome pamoja. Wiki ijayo tunarudi kwenye kuhara kwa watoto na namna ya kuchanganya ORS nyumbani. Usiku mwema, mwambieni na jirani.